Viunganishi vya Boole: Jinsi ya kusaka habari magazetini bila kuzikosa zilizo muhimu

KATIKA miezi ya mwisho ya mwaka wa 2006, mvua kubwa ilinyesha kaskazini mashariki mwa Kenya hadi nyanda kavu za Garissa na Ijara zikageuka kuwa madimbwi. Mbu wakazaana kwa wingi. Kondoo, mbuzi na ng'ombe wakaanza kuharibu mimba na kufa, na ilipofika Desemba ilithibitishwa kwamba watu nao walikuwa wakifa kutokana na homa ya Bonde la Ufa. Kufikia Machi 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini. Utafiti uliofanywa baadaye miongoni mwa wafugaji wa eneo hilo ulionyesha kwamba wao waliziona dalili katika mifugo yao wiki kadhaa kabla ya huduma za afya na za mifugo kuwafikia.

Habari ya aina hiyo, kabla haijawa taarifa rasmi ya wizara, huanza kama aya mbili tatu katika ukurasa wa ndani wa gazeti. Haitaji homa ya Bonde la Ufa kwa sababu bado hakuna aliyepima damu. Husema tu kwamba mbuzi wa kijiji fulani wanatupa mimba, au kwamba chifu amewaonya wakazi dhidi ya kula mizoga. Kwa maafisa wa afya, mashirika ya misaada na wote ambao kazi yao ni kufuatilia vyombo vya habari, tatizo ni jinsi ya kuzipata aya hizo miongoni mwa maelfu ya habari zinazochapishwa mtandaoni kila siku.

Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo ni kauli ya utafutaji iliyojengwa kwa mantiki ya Boole, yaani maneno kadhaa yaliyounganishwa kwa AND, OR na NOT, yakapangwa kwa mabano na alama za usemi. Kauli hiyo huandikwa mara moja, ikahifadhiwa katika mtambo wa kutafutia, na mtambo ukawa unaipitisha kwenye kila habari mpya usiku na mchana. Ikiwa imeandikwa vyema, mfuatiliaji hupata asubuhi habari 20 zinazomhusu. Ikiwa imeandikwa ovyo, hupata 2,000 zisizomhusu, au hapati hata moja na kudhani kwamba nchi imetulia.

Kazi yenyewe ni ya kale kuliko tarakilishi. Mjini Paris, ofisi ya Argus de la Presse ilianzishwa mwaka wa 1879 kwa ajili ya kuwasomea wateja magazeti na kuwakatia vipande vilivyowataja. Ofisi nyingi za Nairobi nazo ziliwahi kuwa na karani wa mkasi na gundi, aliyefika alfajiri, akapitia magazeti yote na kubandika kurasa kwenye faili la mkurugenzi. Karani huyo hakuhitaji kauli yoyote, kwani alikuwa akisoma na kuelewa. Tarakilishi hailewi kisomwacho. Inalinganisha herufi kwa herufi, na ndiyo maana inahitaji kuelezwa kwa uangalifu kile kinachotafutwa.

MTU ALIYEITWA BOOLE

George Boole alizaliwa Lincoln, Uingereza, mwaka wa 1815, mwana wa fundi viatu. Hakupata kusomea chuo kikuu, lakini kwa kujifunza mwenyewe alifikia kiwango cha kuteuliwa profesa wa hisabati katika chuo cha Queen's mjini Cork, Ireland, mwaka wa 1849. Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1854 kuhusu sheria za fikira, alionyesha kwamba hoja za kimantiki zinaweza kuandikwa na kukokotolewa kama hesabu, kila jambo likiwa ama kweli ama si kweli, yaani 1 au 0. Alifariki mwaka wa 1864 kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kunyeshewa njiani akienda kufundisha.

Kazi yake ilibaki kuwa ya wanafalsafa na wanahisabati hadi mwaka wa 1937, Mmarekani Claude Shannon alipoonyesha katika tasnifu yake ya uzamili kwamba swichi za umeme hufuata sheria zile zile. Tarakilishi zilipokuja, zilikuwa na mantiki ya Boole ndani yake tangu mwanzo. Hifadhi kubwa za maandishi zilizofuata, kama ile ya makala za tiba ya MEDLARS iliyoanza kutumika Marekani mwaka wa 1964, na Dialog iliyoanza kuuza huduma zake mwaka wa 1972, zilitafutwa kwa njia hiyo. Mifumo ya kufuatilia habari iliyopo leo imerithi desturi hiyo karibu bila kuibadili.

'NA' YA KISWAHILI SI 'AND' YA MTAMBO

Kosa la kwanza ambalo Mswahili hulifanya anapoketi mbele ya mtambo huu hutokana na lugha yake mwenyewe. Mkubwa wa idara akisema, "Niletee habari za ng'ombe na mbuzi," kila mtu anafahamu kwamba anataka zote, za ng'ombe na za mbuzi, hata kama hazikuandikwa pamoja. Hapa 'na' inaongeza. AND ya Boole inapunguza. Anayeandika ng'ombe AND mbuzi ataletewa tu habari ambazo ndani yake wanyama wote wawili wametajwa. Ile ya ng'ombe 40 waliokufa Masalani, isiyomtaja mbuzi, itaachwa nje. Alichokitaka mkubwa, kwa lugha ya mtambo, ni ng'ombe OR mbuzi.

Kwa hivyo kanuni ya kufanyia kazi ni rahisi. Maneno yanayoweza kushika nafasi moja, yaani visawe, vikembe vya neno hilo na tahajia zake mbalimbali, huunganishwa kwa OR na kutiwa ndani ya mabano. Makundi yaliyo tofauti ambayo lazima yakutane katika habari moja huunganishwa kwa AND.

Mabano hayawekwi kwa ajili ya urembo. Mtu akiandika homa OR mafua AND Garissa, anaweza kufikiri ameomba habari za homa au mafua kutoka Garissa. Katika mifumo mingi, AND hutangulia kutekelezwa kabla ya OR, kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha katika hesabu. Mtambo utaielewa kauli hiyo kuwa ni mafua ya Garissa, pamoja na homa ya mahali popote duniani. Mifumo mingine husoma tu kutoka kushoto kwenda kulia. Anayeandika (homa OR mafua) AND Garissa ameepuka matatizo hayo yote mawili.

Homa yenyewe ni neno lenye kuhangaisha. Magazeti yana homa ya uchaguzi kila miaka mitano na homa ya Kombe la Dunia kila miaka minne. Maneno 'Bonde la Ufa' nayo hujaa katika habari za siasa na za riadha. Hapo ndipo alama za usemi zinapofaa. Ukiandika "homa ya Bonde la Ufa" ndani ya alama hizo, mtambo hutafuta maneno hayo yakiwa yamefuatana hivyo hivyo, na siasa zote zikaondoka. Lakini kila chombo kina gharama yake. Mwandishi aliyeandika 'homa hatari ya Bonde la Ufa' au 'homa inayojulikana kama ya Bonde la Ufa' hatanaswa. Inabidi kuongeza kifupi RVF, ambacho magazeti ya Kiswahili hukitumia pia. Inabidi vilevile kuongeza sandik, jina la wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki kwa maradhi haya, ambalo maana yake inahusu pua kutoka damu.

MZIZI UMEJIFICHA KATIKATI

Miongozo mingi ya utafutaji iliandikwa na watu wa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika sana mwishoni. Ndiyo sababu miongozo hiyo husifu kinyota, yaani alama * inayowekwa mwishoni mwa sehemu ya neno ili kunasa miisho yake yote. Katika Kiswahili mambo yamegeuka. Viambishi vingi huja mwanzoni, na mzizi umejificha katikati. Kitenzi 'kufa' huonekana gazetini kama alikufa, wamekufa, wanakufa, waliokufa, wakafa, na katika vichwa vya habari kama 'wafa'. Anayeandika kuf* akitarajia kuvipata vyote atapata kufanya, kufika, kufungua na kufurahi, wala hataipata 'wamekufa'. Iko mifumo inayokubali kinyota mwanzoni mwa neno, lakini mingi hukikataa kwa kuwa kinauchosha mtambo. Katika Google, kinyota hakiwakilishi herufi bali neno zima.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuviacha vitenzi na kutegemea nomino. Kitenzi cha Kiswahili kina mamia ya sura, lakini nomino kwa kawaida ina mbili tu, umoja na wingi. Badala ya kuhangaika na kuharibu, wanaharibu, yaliharibika, kutupa, wametupa, kuavya na kutoa, mtu anaweza kutafuta neno mimba peke yake, ambalo hubaki vile vile katika sentensi zote hizo. Badala ya kufa, achukue kifo OR vifo na mzoga OR mizoga. Mifugo ikitajwa kwa njia ya watu, huhitaji mfugaji OR wafugaji, na si vibaya kuongeza ufugaji. Tahadhari moja ni kiambishi -ni cha mahali. Pua huwa puani, hospitali huwa hospitalini, zizi huwa zizini. Hapa kinyota cha mwishoni kinafaa, au neno liandikwe kwa sura zake mbili.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitajwi katika miongozo, nacho ni ritifaa ya ng'ombe. Katika kurasa za mtandao neno hilo huandikwa kwa alama iliyonyooka (ng'ombe) au iliyopinda (ng’ombe), kutegemea programu aliyoitumia mwandishi au mhariri. Kwa jicho la msomaji ni kitu kimoja. Kwa mitambo mingine ni maneno mawili yasiyojuana, na ipo pia inayolikata neno vipande viwili, 'ng' na 'ombe'. Mfuatiliaji aliyeandika sura moja tu anaweza kukosa habari nyingi za mnyama huyo bila kujua. Dawa ni kuziandika zote mbili ndani ya alama za usemi na kuziunganisha kwa OR, kisha kujaribu kwa habari ambayo tayari anaijua.

Majina ya mahali nayo hubadilika kwa wakati. Anayetafuta katika kumbukumbu za kabla ya mwaka wa 2013 atakuta mikoa na wilaya, na Ijara ikiwa wilaya. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo atakuta kaunti. Hata hivyo waandishi wangali wanasema 'Kaskazini Mashariki' kwa mazoea ingawa mkoa huo haupo tena. Kaunti ya Tana River huitwa hivyo hivyo katika habari nyingi za Kiswahili, na katika nyingine hutajwa mto wenyewe tu, Mto Tana.

UMBALI KATI YA MANENO

Mimba inaleta mkanganyiko mwingine. Mtu akiandika mbuzi AND mimba, ataletewa makala ndefu kuhusu wasichana walioacha shule kwa kupata mimba, ambamo mzazi mmoja amesema mahali fulani kwamba aliuza mbuzi kulipa karo. Maneno yote mawili yamo, lakini hayahusiani. Kwa hali hiyo mifumo ya kulipia hutoa kiunganishi cha umbali, mara nyingi NEAR pamoja na tarakimu. Mimba NEAR/10 mbuzi humaanisha kwamba maneno hayo yasipishane kwa zaidi ya maneno kumi. Namna ya kukiandika hutofautiana baina ya mfumo na mfumo. LexisNexis, kwa mfano, hutumia herufi w, mkwaju na tarakimu. Kabla ya kuandika lolote, inafaa kusoma ukurasa wa maelezo wa mfumo unaotumika, kwani kauli iliyonakiliwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine inaweza kukubaliwa bila kulalamikiwa na ikafanya kazi tofauti kabisa.

Yakikusanywa pamoja, haya yanaweza kutoa kauli ya namna hii kwa anayeichunga mifugo ya kaskazini mashariki:

("homa ya Bonde la Ufa" OR RVF OR sandik) OR (((mifugo OR mbuzi OR kondoo OR ngamia OR "ng'ombe" OR "ng’ombe") NEAR/15 (mimba OR damu OR mzoga OR mizoga OR vifo OR "ugonjwa wa ajabu" OR "ugonjwa usiojulikana")) AND (Garissa OR Wajir OR Mandera OR Ijara OR Masalani OR "Tana River" OR "Mto Tana" OR "Kaskazini Mashariki"))

Kundi la kwanza halikufungwa na jina la mahali, kwa sababu maradhi yakitajwa kwa jina, popote pale, mfuatiliaji anataka kujua. Virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka wa 1931 kutokana na kondoo wa karibu na Ziwa Naivasha, mbali na Garissa, na mlipuko wa 2006 na 2007 ulifika Baringo, ukavuka hadi Tanzania. Sehemu ya pili ndiyo inayowinda zile aya mbili tatu ambazo hazijui zinachokizungumzia. Ndiyo inayoleta takataka nyingi zaidi, na ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Dalili za watu, yaani homa na kutokwa damu, zinastahili kauli yao pekee. Kauli mbili fupi ni rahisi kuzirekebisha kuliko moja ndefu ambayo hata aliyeiandika haielewi tena baada ya mwezi.

Kwa kuwa magazeti mengi ya Kenya huchapishwa kwa Kiingereza, kila kundi linahitaji pia maneno ya lugha hiyo, na kwa eneo hili maneno ya Kisomali. Si kazi ya kutafsiri orodha moja kwa kamusi. Ni kuuliza jinsi mwandishi wa lugha hiyo angeiandika habari yenyewe.

HATARI YA NOT

Kikanushi NOT ndicho kinachopendwa na wanaoanza, kwa kuwa kinasafisha haraka. Mnamo Aprili 2, 2015, magaidi wa al-Shabaab walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Tangu hapo, yeyote anayetafuta Garissa AND vifo huletewa shambulio hilo, kumbukumbu zake za kila mwaka na kesi zilizofuata. Kishawishi cha kuongeza NOT Shabaab ni kikubwa, na siku ya kwanza matokeo yatapendeza.

Lakini NOT haiondoi mada. Inaondoa kila habari ambayo neno hilo limo, hata kwa bahati. Ikiandikwa kwamba wahudumu wa mifugo wameshindwa kufika katika kijiji ambako ngamia wanakufa, kwa kuhofia kushambuliwa na al-Shabaab, habari hiyo itatupwa pamoja na takataka. Tena hiyo ndiyo iliyofaa kusomwa kwanza, kwa maana inasimulia mahali ambako maradhi yapo na daktari hayupo. Kosa hili halionekani. Takataka ikiingia humkera mfuatiliaji na akairekebisha kauli yake. Kilichoachwa nje hakipigi hodi.

Ikibidi kukanusha, heri kukanusha fungu la maneno lisiloweza kutumika kwa jambo lingine, kama vile NOT "homa ya uchaguzi", kuliko neno moja la jumla. Mfumo wa MedISys, uliotengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya huko Ispra, Italia, ulichukua njia ya busara zaidi. Kando na viunganishi vya Boole, ulikubali maneno yapewe uzani. Neno lisilotakiwa hupunguza alama za habari badala ya kuiangamiza, hivyo habari yenye dalili nyingi za maradhi bado hupita hata kama neno hilo limo. Mfumo mkubwa zaidi wa kituo hicho wa kufuatilia habari, Europe Media Monitor, ulijumuisha Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

ASILIMIA 20

Wataalamu wa utafutaji hupima mambo mawili. Kwanza, katika zile zilizoletwa, ni ngapi zinazofaa. Huo ndio usahihi. Pili, katika zote zinazofaa zilizopo, ni ngapi zilizoletwa. Huo ni ukamilifu. Usahihi huonekana kwa macho. Ukamilifu hauonekani mpaka mtu autafute kwa makusudi, na kwa kawaida ukiongeza mmoja unapunguza mwingine.

Uchunguzi ulioonyesha hatari hii waziwazi ulichapishwa Marekani mwaka wa 1985 na David Blair na M. E. Maron. Walifuatilia mawakili waliokuwa wakitayarisha kesi kubwa, wakitafuta kwa viunganishi vya Boole katika hifadhi ya hati zipatazo 40,000. Mawakili walitaka asilimia 75 ya hati zilizohusika, na waliamini kwamba wamezipata. Kwa wastani walikuwa wamepata takriban asilimia 20. Karibu hati nne katika kila tano zilizoletwa zilifaa kweli, na ndiyo sababu hawakushuku lolote.

Chanzo cha kushindwa kwao kilikuwa maneno. Kesi ilihusu ajali, na upande ulioshtaki uliiita ajali. Upande ulioshtakiwa ulikuwa umeandika katika hati zake 'tukio', 'hali', 'tatizo' na hata 'hali ya kusikitisha'. Kila mtu aliliita jambo lile kulingana na mahali aliposimama. Mawakili walitafuta kwa maneno yao wenyewe, na hati zilizowahusu zaidi zilikuwa zimeandikwa kwa maneno ya wengine.

Hali ni hiyo hiyo kwa homa ya Bonde la Ufa. Ofisi ya Nairobi ina jina lake, maabara ina kifupi chake, mfugaji wa Ijara ana sandik, na mwandishi wa habari aliyefika kijijini kwa pikipiki ana 'ugonjwa wa ajabu'. Anayelitafuta jina la ofisi peke yake ataipata habari siku ambayo ofisi imekwisha kuijua.

Lugha inaweza kuwa kizuizi kwa njia nyepesi zaidi. Kanada, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mwaka wa 1997 mtandao wa kunasa habari za milipuko ya maradhi uitwao GPHIN. Mwishoni mwa Novemba 2002 mtandao huo ulinasa habari ya Kichina kuhusu homa nchini Uchina, katika siku za mwanzo za ugonjwa uliokuja kujulikana kama SARS. Kichwa cha habari kilitafsiriwa. Habari yenyewe ilisubiri tafsiri hadi Januari 2003. Baadaye mtandao huo uliongezewa lugha nyingine kadhaa, zikiwemo Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihispania.

KUIJARIBU KAULI

Kauli mpya haifai kuachwa ifanye kazi kabla ya kujaribiwa katika kumbukumbu za zamani. Kwa mfano uliotolewa hapa, jaribio linalofaa ni kuielekeza kwenye habari za Novemba 2006 hadi Machi 2007, na tena Juni 2018 wakati maradhi hayo yalipozuka Wajir, kisha kuona ni siku gani ilipoanza kuita. Ikiita tu baada ya wizara kutangaza, kundi la dalili lina upungufu. Hatua ya pili ni kusoma habari 50 zilizoletwa na kuhesabu zisizofaa, ukiandika kwa kila moja ni neno gani lililoileta. Mara nyingi neno moja au mawili ndiyo yaliyoleta takataka zote.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kuandika kauli legevu kimakusudi, kama vile Wajir AND (mifugo OR mbuzi OR ngamia), kuiendesha kwa wiki moja na kuzisoma zote. Humo ndimo hupatikana maneno ambayo hayakumjia mtu yeyote mezani: 'mnyauko' wa mifugo, 'balaa', 'tauni ya mbuzi', jina la kijiji lililoandikwa kwa herufi mbili za s mahali pa moja.

Kwa asiyeweza kulipia mifumo ya kampuni, huduma ya Google Alerts, iliyopo tangu mwaka wa 2003, inatosha kuanzia. Ndani yake AND haina haja, kwani nafasi kati ya maneno ina maana hiyo hiyo. OR lazima iandikwe kwa herufi kubwa. Kistari kilichogandishwa mbele ya neno hufanya kazi ya NOT. Kiunganishi cha umbali hakiaminiki humo, hivyo ni afadhali kutumia mafungu mafupi ya maneno ndani ya alama za usemi. Siku hizi iko pia mifumo inayotumia akili unde, ambayo humruhusu mtu aeleze kwa sentensi za kawaida anachokitaka kisha ikamwandikia kauli. Inaokoa muda, lakini kauli iliyoandikwa hivyo yafaa isomwe neno kwa neno na mtu anayejua kwamba ng'ombe ana ritifaa mbili.

Na hata kauli bora kuliko zote husoma maandishi tu. Stesheni za redio za lugha za kienyeji, ambazo mfugaji huzisikiliza na kuzipigia simu, hazimo isipokuwa pale mtu anapoyanukuu maneno yake kwa maandishi. Ujumbe unaozunguka katika vikundi vya WhatsApp vya wauzaji wa mifugo haumo. Picha ya mizoga iliyochapishwa bila maelezo haina neno la kunaswa. Ndiyo sababu ofisi zinazoichukulia kazi hii kwa uzito huwa na watu wa kupigiwa simu huko nyanjani, na huyaongeza kwenye kundi la OR maneno wanayoyasikia kutoka kwao, jinsi yalivyotamkwa, kila msimu wa mvua unapokaribia.